Kripto zimeyeyuka kwenye tangi? Usitupe kwanza, angalia mizizi

Meseji napokea zaidi kuhusu mimea ya tangi la samaki ni hii: mtu anatuma picha, majani yamelala chini kama mchicha uliosahaulika kwenye sufuria, maji yana rangi ya chai, alafu swali ni moja tu, "kaka, nitupe?" Usitupe. Angalau sio leo. Mimi mwenyewe nimetupa kripto 3 nzima zikiwa hai kwasababu hakuna aliyeniambia, ndio maana naandika hii ndefu.

Kwanza tuelewane, maana kuna watu ukisema kripto wanafikiri bitcoin. Naongelea Cryptocoryne, mimea ya maji yasiyo na chumvi, ukoo mmoja na magimbi, haya haya mayuni tunayokula hapa Uganda, na ukoo mmoja pia na ile kabichi inayoelea pembeni ya Ziwa Victoria. Ziko aina zaidi ya 50 na kwao ni Asia, kuanzia India na Sri Lanka kupita Malaysia na Indonesia mpaka New Guinea. Ambayo utakutana nayo sana ni Cryptocoryne wendtii, ya Sri Lanka, iko ya kijani na ya kahawia, alafu beckettii nayo ya Sri Lanka, parva ambayo ni ndogo kuliko zote, na balansae yenye majani marefu kama utepe uliokunjwakunjwa. Kwao nyingi zinaishi kwenye vijito ambako maji yanapanda na kushuka, msimu mmoja mmea umezama, msimu mwingine uko nje unapigwa na hewa. Hio ishike vizuri kichwani kwasababu karibu kila ugonjwa wa kripto unaanzia hapo. Huu ni mmea uliozoea kuacha nguo moja na kuvaa nyingine. Mazingira yakibadilika ghafla unaangusha majani, unabaki na mizizi, unatengeneza majani mapya yanayofaa hali mpya. Kwetu inaonekana kama kifo.

Kwahiyo kabla hujaangalia jani uliza swali moja: ndani ya wiki 2 zilizopita nimebadilisha nini? Alafu ingiza mkono, shika mmea pale chini kabisa unapotokea kwenye mchanga, uvute kidogo sana. Kama umeshikilia na pale katikati majani yanapoanzia, ndio naita kitovu, pako pagumu, huyo yuko hai. Kama umetoka mkononi kama ugali wa maji na unanuka, hio ni kesi nyingine, nitaifikia.

Majani yote yameyeyuka ndani ya siku chache, kitovu kigumu

Hii ndio kubwa na sababu zake ni nyingi, kwahiyo tutakaa hapa kidogo.

Kama mmea ni mpya wala usihangaike kutafuta mchawi. Wafugaji wengi wa mimea wanazikuza nje ya maji, kwenye nyumba yenye unyevu, kwasababu huko zinakua haraka na hazipati mwani. Majani hayo yamezoea hewa. Ukiyazamisha yanakufa, yanakuja mengine ya majini, mara nyingi membamba na yenye rangi tofauti kabisa, hadi unaweza kudhani ulitapeliwa aina. Ongeza na safari: mmea umefungwa kwenye gazeti bichi ndani ya kaveera (mfuko wa plastiki), umepanda basi la usiku kutoka Nairobi, umepita Busia au Malaba, boksi limewekwa sijui karibu na injini, umefika Kampala asubuhi umeiva. Mimi siku hizi nikipokea nakata majani yote yaliyolegea, naacha mawili matatu mafupi, napanda, naondoka. Kukata kunasaidia maana jani linalooza linachafua maji bure.

Kama sio mpya, je uliuhamisha? Ulitoa upande wa kushoto ukapeleka kulia kwasababu mgeni anakuja na unataka tangi lipendeze? Basi ndio hio. Kripto inachukia kuhamishwa kuliko kitu chochote, mizizi yake ni mingi na mirefu na ukiing'oa unakata nusu. Hapa ndio nilipotupia zangu. Niliinunua wendtii ya kahawia, nkaipanda nyuma, ikayeyuka, nkafikiri haipati taa nkaileta mbele, ikaanza kutoa kajani kamoja, kakayeyuka, nkafikiri mchanga ni mbaya nkaitoa nkaiosha nkaipanda kwenye kopo. Mara 4 kwa mwezi mmoja na nusu. Hakuna mmea hapo, hata mmea wa mahindi ungekufa.

Maji. Hapa Uganda kuna sababu moja ambayo sijaona watu wa nje wanaiongelea, ni mvua. Mwezi wa 3 mpaka wa 5, na tena wa 9 mpaka wa 11, tanki la nje limejaa, mtu anaona kwanini nilipe maji ya bomba, anaanza kubadilisha maji ya samaki na ya mvua jerikeni 3 kwa mpigo. Maji ya mvua hayana madini karibu yoyote, na kama ulikua unatumia ya kisima yenye chumvichumvi ya mawe basi umeutoa mmea Karamoja kwenye ukame ukautupa visiwa vya Ssese kwenye mvua kwa usiku mmoja. Yeyusho hilo. Sio kwamba maji ya mvua ni mabaya, kripto nyingi zinayapenda, tatizo ni ghafla. Changanya robo kwanza, wiki ijayo ongeza. Na mvua ya kwanza baada ya kiangazi usiikinge kabisa, inaosha mabati, vumbi na mavi ya ndege. Hujui maji yako ni magumu au laini? Angalia ndani ya birika la chai, ukiona ukoko mweupe mgumu yana madini mengi, ukiwa safi baada ya miezi ni laini. Hakuna kipimo cha bei rahisi kuliko hicho.

Joto nalo. Kampala tuko kama mita 1,200 juu ya bahari, tangi langu bila hita linacheza kati ya nyuzi 22 na 25 na kripto zinaridhika hapo, zinataka takriban 22 mpaka 28. Ila kuna jamaa Kabale ambako usiku ni blanketi 2, hita yake ilikufa hakujua kwa siku kadhaa, asubuhi ya nne majani yote chini. Na kinyume chake pia, jerikeni lililokaa barazani juani tangu saa 4 asubuhi, saa 9 unamwaga moja kwa moja kwenye tangi. Tumbukiza mkono kwanza bwana, kama unavyopima maji ya kumwogesha mtoto.

Na taa. Umenunua taa mpya ya LED yenye nguvu mara mbili, ukaiwasha masaa 12 siku ya kwanza kwa furaha. Ianze masaa 6, panda polepole mpaka 8. Umeme kukatika siku 2, watu wananiuliza sana, hio haiyeyushi kripto, giza la siku 2 hazina habari nalo. Ogopea samaki na filta.

Dawa ya yote haya ni moja na ndio ngumu kuliko zote: kata vilivyooza, toa mabaki yasichafue maji, rudisha mambo yawe yaleyale kila siku, usiuguse mmea. Wiki 3, wakati mwingine 6, utaona ncha ndogo kama meno inatoka mchangani. Kuna aina zina sifa mbaya zaidi, affinis kwa mfano inaweza kuwa nzuri mwaka mzima alafu asubuhi moja yote supu, wendtii ni mvumilivu kidogo. Kama unaanza anza na wendtii.

Imelegea mpaka kitovu na mchanga unanuka mayai yaliyooza

Hii sio kuyeyuka kule. Hapa mizizi imekufa kwa kukosa hewa. Watu wengi tunatumia mchanga wa ziwa ule wa kujengea, ni mzuri, lakini ukiweka mwingi sana na ni laini sana unashikana kama saruji, chini panatokea ile gesi ya mayai. Chukua kijiti cha mshikaki uchome chome mchanga mara moja kwa wiki taratibu, kipande kimoja leo, kingine wiki ijayo, usichimbue lote siku moja utaua samaki. Sentimita 5 mpaka 7 za mchanga zinatosha. Wale konokono wadogo wanaojichimbia mchangani wanafanya hio kazi bure.

Sababu nyingine ni kuzika kitovu. Mizizi ndani, pale majani yanapoanzia pawe usawa wa mchanga. Mimi nazika kidogo zaidi alafu navuta juu mpaka nione weupe.

Kama bado kuna kipande kigumu hata cha sentimita 2, kata sehemu laini yote, osha, panda. Nimewahi kupata mimea 2 kwenye kipande ambacho mke wangu alikua ameshakifagia.

Majani yapo ila rangi imeharibika

Hapa angalia ni majani yapi. Ya zamani ya pembeni yanageuka njano yote alafu yanakufa moja moja, mapya yako sawa: mmea unakosa naitrojeni, unanyonya wazee ulishe watoto. Tangi lenye samaki wachache sana au mimea mingi sana inayoelea utaliona hili. Majani ya zamani yana vitundu vidogo kama vya sindano vyenye ukingo wa njano au kahawia, hio ni potasiamu. Mapya ya katikati yanatoka meupe meupe au njano huku mishipa ikibaki kijani, hio ni madini ya chuma. Mapya yanatoka yamejikunja na madogo, mara nyingi ni kalsiamu, na hapa wale wa maji ya mvua tupu mnajijua.

Kitu cha kuelewa, kripto inakula kwa mizizi. Kumwaga mbolea ya maji kila siku wakati imepandwa kwenye mchanga mtupu ulioshwa mara 10 ni kama kumpaka mtu uji mgongoni. Inataka chakula chini. Vidonge vya mizizi vikipatikana weka karibu na kila mmea, sentimita chache pembeni, rudia baada ya miezi 2 au 3. Visipopatikana au bei inakutoa machozi, sisi tuna udongo mwekundu kila mahali, na huu wekundu wenyewe ni chuma. Wazungu wamewahi kuuziwa udongo wa namna hii kwenye pakiti kwa ajili ya matangi, sisi tunaukanyaga. Chimba chini ya ule wa juu, pale mfinyanzi ulipo safi, mbali na barabara na gereji na shamba linalopigwa dawa, kanda na maji, fanya vigololi, anika juani mpaka vikauke kabisa, alafu sukumiza chini karibu na mizizi kwa kidole. Kwa chuma inasaidia sana. Naitrojeni hauna, hio wataleta samaki kwa njia yao. Tahadhari moja: ukija kung'oa mmea huo siku za mbele maji yatakua kama ya mto Katonga wakati wa mafuriko, na hio ni sababu nyingine ya kutokuhamisha.

Na tafadhali sana, mbolea ya NPK ya shambani na yurea acha. Najua duka la pembejeo liko hapo chini na kilo ni bei rahisi. Nilipata simu kutoka kwa mama mmoja mpole kabisa wa Mukono, "mwanangu, niliweka kijiko kimoja tu cha ile ya mahindi", samaki wote juu ya maji wanahema. Yurea ndani ya tangi inageuka amonia, na amonia ni sumu kwa samaki. Tulibadilisha nusu ya maji usiku ule, siku iliyofuata tena nusu, wakapona 4. Mbolea ya ng'ombe vilevile, acha kwa migomba.

Haifi lakini haikui

Miezi 2 majani ni yaleyale 5. Mara nyingi sio ugonjwa, kripto ni za taratibu, kwanza zinajenga mizizi chini huko usikokuona. Parva ndio mbaya, inaweza kukupa jani moja kwa mwezi na inataka taa zaidi ya wenzake, ukiifunika na mimea mingine unaipoteza kimya kimya. Wendtii ikipata kivuli inarefuka na kuwa ya kijani, ikipata taa nzuri inakaa chini na kuwa ya kahawia, kwahiyo mtu anayelalamika yake imepoteza rangi nauliza kwanza taa iko umbali gani. Baridi pia inapunguza mwendo, ukiwa Kabale au Fort Portal hita sio anasa. Gesi ya kaboni dayoksaidi haihitaji, ukiweka itakua haraka zaidi basi.

Mwani umevaa majani

Kwasababu majani ya kripto yanaishi muda mrefu na hayasogei haraka, mwani unayapenda. Vidoadoa vigumu vya kijani kwenye majani mazee ni kawaida, kata jani. Manyoya meusi pembeni mwa jani yanatokea sana pale uchafu na kaboni vinapocheza juu chini na filta ni chafu. Ukungu wa kahawia kwenye tangi jipya unafutika kwa kidole na utaondoka wenyewe. Kosa la kwetu ni dirisha. Tuko kwenye ikweta, jua masaa 12 mwaka mzima, alafu mtu anaweka tangi kwenye dirisha la magharibi na juu yake taa masaa 10. Sogeza, au funga pazia. Ukipata mimea ya kuelea iachie theluthi moja ya juu, inakula chakula cha mwani na kivuli kripto hazikichukii.

Asubuhi mmea unaelea, au majani yana meno

Samaki. Wanaofuga nkejje, wale samaki wadogo wa ziwani, watanielewa, wale wakitaka kuzaa wanachimba kama mafundi wa barabara. Zungushia mawe mazito chini ya mmea, au panda kwenye kopo la udongo ulizike. Goldfish nao wanafukua. Ngege (tilapia) wadogo usiwachanganye na mimea kabisa kama unaipenda, ngege na nduguze wanaweza kula majani. Konokono wanasingiziwa sana, wale wadogo wengi wanakula jani ambalo limeshaanza kuoza, umewakuta msibani ukasema ndio wameua. Wale wakubwa wa tufaa, baadhi yao kweli wanakula mmea mzima.

Kuna kitu kirefu cha zambarau kimetoka katikati, kimejisokota

Usikikate! Hilo ni ua. Jina Cryptocoryne limetoka Kigiriki, maana yake rungu lililofichwa, kwasababu rungu la maua, lile unaloliona wazi kwenye maua ya jamii ya magimbi, hapa limefungiwa ndani ya chungu kidogo chini kabisa ya bomba. Juu pamefunguka kama tarumbeta, nzi wadogo wanaingia kwa kuvutwa na harufu, wanafungiwa humo, wanatoka na chavua. Kwa kawaida linatoka mmea ukiwa nje ya maji au maji yakiwa madogo, ndani ya tangi ni bahati. Langu limetoka mara moja na nilipiga picha nyingi kuliko za harusi yangu.

Ile yangu yenye majani magumu nayo inaoza

Pengine sio kripto, ni Anubias. Zinauzwa pamoja na ni ukoo mmoja, ila hii ni ya Afrika, Cameroon, Gabon na Nigeria huko. Ina shina nene linalolala, na hilo shina ukilizika linaoza, tofauti na kripto inayotaka mizizi ndani ya mchanga. Ifunge kwa uzi kwenye jiwe au mti, mizizi itajishikia. Imeisha.

Zimejaa, sijui nizipeleke wapi

Ukivumilia mwaka ndio shida utakayobaki nayo, zinatuma vitoto kupitia vishina vya kutambaa chini ya mchanga na siku moja unaona mmea umetokea mbele ya kioo hukupanda. Mtoto akifika majani 4 au 5 kata ile kamba kwa mkasi humo humo chini, mwache wiki 2 pale pale, ndio umtoe. Gawia watu. Usichofanya ni kwenda kumwaga kwenye mtaro, bwawa au ziwani. Gugu maji lilikuja kutoka Amerika ya Kusini kama ua zuri tu, mwishoni mwa miaka ya 1980 likaonekana kwetu na miaka ya 1990 boti zilikua zinakwama bandari ya Port Bell. Na kripto nazo zina rekodi, beckettii iliachiwa mto San Marcos kule Texas, Marekani, ikajaza chini ya mto mpaka ikabidi watu waingie kuing'oa kwa mikono. Za kwangu zinazozidi naanika juu ya bati mpaka zikauke kabisa zivunjike, alafu zinaenda chini ya migomba.